Kutoka Kanga hadi Kidato cha Tano: Mlango Umepanuka, Safari Bado Ndefu

Kila mwaka, mara nyingi kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni, TAMISEMI hutangaza majina ya vijana waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano na vyuo vya kati. Katika makala hii tunataka kueleza namba hizo zinakwendaje, na zina maana gani kwa mtoto wa Kanga, kaskazini mwa Kisiwa cha Mafia.

Tuanze na namba zenyewe. Mwaka 2023 waliochaguliwa kwenda kidato cha tano walikuwa 122,908. Mwaka 2024 walifika 131,986, na mwaka 2025 wakawa 149,818. Katika miaka miwili tu nafasi zimeongezeka kwa zaidi ya moja ya tano. Tukumbuke kwamba tulipopata uhuru mwaka 1961, shule zote za sekondari za Tanganyika kwa pamoja zilikuwa na wanafunzi wapatao 12,000. Kwa wazee wetu, kidato cha tano kilikuwa jambo la watu wachache sana, na baadhi yao walipitia shule za misheni kama Mtakatifu Fransisko, Pugu, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha hadi mwaka 1955.

Ongezeko hili limetokana na nini? Elimu hupanda kama maji ya bahari yanayojaa: huanzia chini. Kwanza ada ya shule za msingi ilifutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza mwaka 2002. Watoto wakajaa madarasani. Ukafuata mpango wa sekondari (MMES) mwaka 2004, ambao ulizaa shule za kata. Januari 2016 elimu bila ada ikafika hadi kidato cha nne. Walioingia kidato cha kwanza mwaka huo walifanya mtihani wa kidato cha nne Novemba 2019, na wimbi likagonga mlango wa kidato cha tano mwaka 2020. Hatimaye, kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023, Serikali ilifuta pia ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule zake.

Jambo la pili la kuangalia ni wasichana. Katika uchaguzi wa mwaka 2024, wasichana waliopangiwa kidato cha tano walikuwa 66,432 na wavulana 65,554. Zamani pengo lilikuwa kubwa, na wasichana ndio waliokuwa nyuma. Tangu Novemba 2021, msichana aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi darasani.

Hata hivyo, mlango uliopanuka bado ni mlango. Ili kuingia kidato cha tano katika shule ya Serikali, kijana anahitaji angalau masomo matatu yenye alama A, B au C, nayo yawe yanaunda tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo matatu atakayosoma. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa kutoka 16 hadi 65, zikiwemo za michezo, sanaa na elimu ya dini. Uchaguzi umekuwa mpana, lakini kijana anamhitaji mtu wa kumshauri kabla ya kujaza fomu, maana tahasusi ndiyo huamua atasomea nini chuo kikuu.

Hapa ndipo tunapoifikiria Kanga. Mtoto wa huko anaweza kumaliza kidato cha nne bila kutoka kisiwani. Lakini shule nyingi za Serikali za kidato cha tano ni za bweni, na hupokea wanafunzi kutoka nchi nzima. Kijana wa Kanga anaweza kupangiwa Kagera au Ruvuma. Atateremka hadi Kilindoni, atavuka bahari hadi Nyamisati, atapanda basi hadi Dar es Salaam, kisha ataanza safari ya bara. Kati ya kutangazwa majina na siku ya kuripoti kuna kama mwezi mmoja. Katika mwezi huo mzazi anayetegemea nazi, korosho au samaki atafute godoro, shuka, sare, ndoo, madaftari na nauli. Ada imefutwa, lakini nauli haijafutwa. Kijana aliyefaulu vizuri anaweza kubaki nyumbani kwa kukosa vitu hivyo tu, na jina lake bado likahesabiwa miongoni mwa waliochaguliwa.

Tena wimbi kubwa zaidi linakuja. Kwa mtaala ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi ni miaka sita badala ya saba. Waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita mwaka 2027, pamoja na wenzao watakaomaliza la saba. Makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza mwaka 2028, na yatakifikia kidato cha tano mwaka 2032. Mabweni na walimu wa wakati huo lazima waanze kuandaliwa sasa.

Sisi waseminari na waamini tufanye nini? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu, ulifundisha kwamba haki ya kuelimishwa ni ya kila mtu, si ya Wakristo peke yao. Watoto wengi wa Mafia ni Waislamu, na haki yao ni ileile. Parokia zilizo karibu na shule za bweni zinaweza kuwauliza wakuu wa shule mapema mwezi Julai: ni nani hajafika, na kwa nini? Jumuiya ndogondogo zinaweza kuchangia magodoro na nauli. Familia za Dar es Salaam zinaweza kumpokea kwa usiku mmoja kijana anayesubiri basi la alfajiri. Nasi tuliokwisha kusoma tahasusi hizo tunaweza, wakati wa likizo, kukaa na wadogo zetu wa kidato cha nne kabla hawajajaza fomu zao.