Kwihara na Wenye Mabega Yao

Mgeni akifika Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, huonyeshwa kwanza tembe alimokaa Livingstone: kuta nene za udongo, paa bapa, mlango wa nakshi kama wa Bagamoyo. Stanley alimwacha hapo Machi 1872. Mzee akakaa hadi Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani. Sijui kwa nini simulizi za Kwihara huanza na mzungu, wakati hata yeye hakuweza kupiga hatua mpaka wenye mabega wafike.

Na kazi hiyo ya upagazi Wanyamwezi, wenyeji wa hapo, waliifanya kuwa jando. Kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa mtoto, hata awe na ndevu. Masika yakiisha na mavuno yakiwa ghalani, misafara ilipangwa. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, mbali na mkeka wake na chungu chake. Kirangozi, kiongozi wa msafara, alitangulia na joho jekundu. Nyuma yake pembe za ndovu begani, kengele zikilia kwenye ncha. Ugogoni kulikuwa na hongo: vitambaa na shanga, la sivyo hakuna njia wala maji.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo ikashuka mabegani. Utani kati ya Wanyamwezi na makabila ya njiani haukushuka. Mpagazi aliyeugua Uzaramo au Ugogoni alikuwa mbali na ukoo wake, na huko nani amzike kama si mtani?

Nimeuona kwa macho yangu kwenye msiba wa mzee mmoja wa Kinyamwezi. Jeneza linataka kutoka, babu mmoja Mzaramo, amevaa koti la marehemu na kofia yake, kajilaza kizingitini.

“Haendi mtu! Huyu ana deni letu tangu Bagamoyo!”

Mtoto wa marehemu akatoa noti ya elfu tano. Babu akaigeuza huku na huku, akaiangalia kwenye mwanga.

“Hii ni ya mguu mmoja. Mguu wa pili mnaubakiza nyumbani?”

Waliokuwa wakilia wakacheka, machozi hayajakauka. Ikaongezwa noti nyingine. Babu akainuka, akajikung'uta vumbi, akavua kofia, akatia bega chini ya jeneza. Makaburini yeye ndiye aliyetangulia kushika jembe.