Jamhuri ya Weimar Haikuangushwa na Noti

Novemba 1923, dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa marki trilioni 4.2 za Ujerumani. Mwaka 1914 dola hiyohiyo ilipatikana kwa marki 4.2 tu. Takwimu hizo zinashtua kiasi kwamba watu wengi hudhani ndizo zilizomleta Adolf Hitler. Lakini Hitler alishika madaraka Januari 1933, miaka 9 baada ya mfumuko huo kukomeshwa, na wakati huo shida ilikuwa kinyume chake: bei zilikuwa zimeporomoka na mamilioni hawakuwa na kazi. Kati ya tarehe hizo mbili kuna jambo ambalo kila mwananchi anayeithamini demokrasia anapaswa kulielewa.

Jamhuri hiyo, inayoitwa ya Weimar kwa kuwa katiba yake ya 1919 iliandikwa katika mji huo, ilizaliwa kutokana na kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kaisari Wilhelm II alikimbilia Uholanzi, wanasiasa wa kiraia wakaachiwa aibu ya kutia saini masharti ya washindi. Mkataba wa Versailles uliipokonya nchi makoloni yake, yakiwemo maeneo ambayo leo ni Tanzania bara, Rwanda na Burundi, na mwaka 1921 fidia ya vita ikapangwa kuwa marki za dhahabu bilioni 132. Majenerali walioshindwa wakaeneza uongo kwamba jeshi lilisalitiwa na raia. Machi 1920 wanajeshi walijaribu kuipindua serikali. Mmoja wa waliowaunga mkono alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck, yuleyule aliyepigana Afrika Mashariki hadi akajisalimisha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia. Mgomo mkuu wa wafanyakazi uliyazima mapinduzi hayo kwa siku chache.

Mfumuko wa bei nao ulikuwa na mizizi mirefu. Serikali ya Kaisari iligharamia vita kwa mikopo kutoka kwa wananchi wake, ikitarajia kwamba adui atakayeshindwa ndiye atakayelipa. Baada ya vita noti ziliendelea kuchapwa ili kuziba pengo la bajeti. Januari 1923 Ufaransa na Ubelgiji zilipeleka majeshi Ruhr, kitovu cha makaa ya mawe na chuma, kwa madai kwamba Ujerumani imechelewesha fidia. Serikali ikawaunga mkono wafanyakazi wa huko waliogoma, na kwa kuwa viwanda vilisimama na kodi hazikuingia, mishahara yao ikalipwa kwa noti mpya. Hapo ndipo sarafu ilipokufa. Mstaafu aliyeweka akiba maisha yake yote alibaki mikono mitupu, huku mwenye madeni akiyalipa kwa karatasi isiyo na thamani. Mdeni mkubwa kuliko wote alikuwa serikali yenyewe.

Hata hivyo, jamhuri ilistahimili. Gustav Stresemann, aliyekuwa Kansela tangu Agosti 1923, alisitisha mgomo wa Ruhr ingawa alijua ataitwa msaliti. Novemba ikaletwa sarafu mpya, Rentenmark, iliyobadilishwa kwa marki trilioni moja za zamani. Ilitangazwa kuwa dhamana yake ni ardhi na viwanda, lakini siri ya nguvu yake ilikuwa kwamba kiasi chake kiliwekewa ukomo na serikali ikakoma kujikopesha kwa kuchapa noti. Mwezi huohuo Hitler alijaribu mapinduzi mjini München, akashindwa na kufungwa. Rais Friedrich Ebert alitumia mara nyingi Ibara ya 48 ya katiba, iliyomruhusu rais kutoa amri za dharura, lakini aliitumia kuilinda jamhuri. Mwaka 1924 Mpango wa Dawes ulipunguza makali ya fidia, na mikopo ya Marekani ikaanza kuingia.

Mikopo hiyo ndiyo iliyokauka baada ya soko la hisa la New York kuanguka mwaka 1929. Machi 1930 serikali ya mseto ya Hermann Müller ilivunjika kwa sababu vyama vyake havikukubaliana juu ya mchango wa bima ya wasio na kazi. Kila chama kiliona heri kubaki na usafi wake kuliko kubeba lawama ya maamuzi magumu.

Rais wa wakati huo, Paul von Hindenburg, jenerali wa zamani asiyeipenda jamhuri, alimteua Heinrich Brüning kuwa Kansela. Julai 1930 bunge lilikataa mpango wake wa fedha. Brüning akaupitisha kwa amri ya dharura. Bunge likaifuta amri hiyo, kama katiba ilivyoruhusu. Hindenburg akalivunja bunge na kuitoa amri upya. Katika uchaguzi wa Septemba, Wanazi, yaani chama cha Hitler, walipanda kutoka viti 12 hadi 107.

Kuanzia hapo nchi ilitawaliwa kwa amri. Mwaka 1932 bunge lilipitisha sheria 5 tu. Brüning alipunguza mishahara na posho, akapandisha kodi, wakati ambapo uchumi ulihitaji fedha za kuuinua. Kumbukumbu ya 1923 ilichangia: kila aliyependekeza serikali itumie zaidi aliambiwa anaurudisha mfumuko. Julai 1931 benki kubwa ya Danat ilifunga milango, na mapema 1932 waliosajiliwa kuwa hawana kazi walizidi milioni 6.

Hata hapo Wajerumani walio wengi hawakumpa Hitler ushindi kamili. Kura zake zilifika asilimia 37 Julai 1932, zikashuka hadi 33 Novemba. Alikuwa anapoteza nguvu. Aliyemteua kuwa Kansela Januari 1933 ni Hindenburg, kwa ushawishi wa Kansela wa zamani Franz von Papen na wenzake walioamini kwamba baraza lenye Wanazi 3 tu lingemdhibiti. Chini ya mwezi mmoja baadaye, jengo la bunge lilipochomwa moto, ilitumika tena Ibara ya 48 kufuta uhuru wa raia. Tarehe 23 Machi 1933 bunge, likiwa limezingirwa na wanamgambo, lilijivua mamlaka yake. Wabunge 94 wa chama cha Social Democrat waliokuwepo ndio pekee waliopinga. Wakomunisti walikuwa wamezuiwa kuingia.

Kwa hiyo njaa na ukosefu wa kazi vilifungua mlango, lakini kuna watu waliochagua nani aingie. Mwaka 1923 hali ya uchumi ilikuwa mbaya kuliko tunavyoweza kuwaza, na demokrasia ikapona kwa sababu walikuwepo viongozi waliokubali kuchukiwa kwa ajili yake. Mwaka 1930 viongozi walipoona bunge linawasumbua, walitafuta njia ya kulikwepa, na vyama vikawaachia. Popote rais anapozoea kutawala kwa dharura isiyokwisha, na wabunge wakashukuru kwa kuondolewa mzigo wa kuamua, wananchi wasisubiri noti zipoteze thamani ndipo waanze kuogopa. Wadai bunge lao mapema, lingali na nguvu ya kukataa.