Mashine za Kuchua Misuli
Kijana aliyepanda na kushuka ngazi kwa mazoezi pale Temeke huamka kesho yake na mapaja mazito. Wengi huisingizia asidi ya laktiki, nayo imekwisha kuondoka misulini jana ile ile. Kiumacho ni nyuzi za misuli zilizochanika kidogo sana wakati wa kushuka, msuli ulipokuwa ukirefuka huku umebeba uzito. Maumivu hukithiri kati ya saa 24 na 72.

Mashine ya kuchua haiungi nyuzi hizo. Hulegeza tu ukakamavu kwa muda. Basi mnunuzi atazame urefu wa pigo kabla ya bei: Theragun PRO husukuma milimita 16, hadi mara 2,400 kwa dakika. Pigo fupi huweza kuishia karibu na ngozi. Isielekezwe kwenye mfupa wala jeraha bichi.