Mashujaa wa Kaboya na Bei ya Kibanja

Anayeingia kwenye kibanja cha Mhaya kwa mara ya kwanza haioni nyumba upesi. Anapita kwanza chini ya migomba iliyofungamana, katikati ya mibuni na maharage, akikanyaga majani makavu yaliyotandazwa kushika unyevu. Nyumba inajitokeza mwishoni, akiwa ameshafika uani. Karibu nayo yako makaburi. Mengine yamejengewa saruji na kuwekwa vigae, mengine yanatambulika kwa mawe na maua tu, na watoto wa nyumba hiyo hupita hapo kila siku wakienda kuchota maji bila hofu yoyote. Babu yupo nyumbani kwake, na huo ndio utaratibu.

Katika vijiji vya Bukoba, Muleba na Missenyi, magharibi mwa Ziwa Viktoria, kaburi limekuwa ushahidi wa umiliki tangu kabla ya ofisi yoyote ya ardhi kufunguliwa. Wazee wa ukoo wakikaa kuamua mgogoro wa mpaka, huangalia miramura iliyopandwa mpakani, kisha huuliza nani kazikwa wapi. Mtu aliyezikwa kibanjani amewaachia watoto wake haki ambayo ni vigumu kuipinga mbele ya majirani.

Kwa watu wenye desturi hiyo, Kaboya ni mahali pa pekee. Hapo, wilayani Muleba, kuna makaburi ya askari zaidi ya 600 waliokufa katika vita vya Kagera. Walitoka kila pembe ya Tanzania, na pengine wengi wao hawakuwa wamewahi kuliona ziwa hili kabla ya kuletwa kulipigania eneo lake. Ardhi ya Wahaya iliwapokea watoto wa watu wengine na kuwalaza kama wake.

Vita vilianza mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovuka mpaka na kuingia upande wa kaskazini wa mto Kagera. Siku chache baadaye Amin alitangaza kwamba eneo lote hadi mtoni limekuwa la Uganda, na daraja la Kyaka likavunjwa. Yaliyowapata wakazi wa Mutukula, Minziro na Kakunyu yanasimuliwa hadi leo: ng'ombe waliswagwa kwa maelfu kuvushwa mpaka, mabati yaling'olewa mapaani, kiwanda cha sukari kiliporwa, raia waliuawa, na maelfu ya familia zilikimbilia kusini ya mto zikiwa na vile tu walivyoweza kubeba. Familia hizo zilihifadhiwa na watu waliokuwa na migomba ya kuwatosha wao wenyewe tu. Hesabu za ukarimu ule hazikuandikwa popote, nao unastahili kutajwa kila vita hivi vinapotajwa.

Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Julius Nyerere aliwaambia Watanzania kwamba sababu ya kumpiga Amin wanayo, nia wanayo na uwezo wanao. Jeshi la Wananchi likapanuliwa haraka kwa kuingiza mgambo: wakulima, wavuvi na makarani waliokuwa wamefundishwa kwata vijijini mwao. Baadhi yao walitoka mikoa hii hii ya kanda ya ziwa. Jenerali David Msuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 kusonga mbele ndani ya Uganda, alikuwa mwana wa Butiama mkoani Mara, ng'ambo ya pili ya ziwa, na huko ndiko alikorudi kuishi baada ya kustaafu hadi alipofariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Mwaka huo huo mkoa ulioitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la mto uliopiganiwa, ukawa Kagera.

Kila tarehe 25 Julai taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa. Mwaka 2013 maadhimisho hayo yalifanyika Kaboya yenyewe, yakiongozwa na Rais Jakaya Kikwete. Anayeufahamu utaratibu wake anajua jinsi ulivyojaa vitu vya asili. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, wengine huweka upinde na mshale au shada la maua, na mwakilishi wa wazee waliopigana vita huweka shoka. Viongozi wa dini huomba kwa zamu. Tarumbeta hulia, watu husimama kimya.

Kwa Mhaya, mkuki ule si pambo la siku moja. Zamani, mbele ya mkama, yaani mfalme, mwanamume alisimama akiwa ameshika mkuki na kujigamba kwa mistari iliyotaja ukoo wake, mapigano aliyopitia na ahadi yake kwa mtawala. Majigambo hayo huitwa ebyebugo. Kulikuwa pia na tendi ndefu za mashujaa zilizoimbwa kwa zeze la enanga usiku kucha, ambazo Profesa Mugyabuso Mulokozi alizikusanya na kuzichambua, akaonyesha kwamba Waafrika wana tendi zao simulizi zenye kimo sawa na zile za mataifa mengine. Katika desturi hiyo shujaa alitajwa na watu waliomjua, katika nyumba alimoishi, na sifa yake iliendelea kudaiwa na wajukuu. Heshima ilikaa kijijini.

Hapo ndipo penye kazi ya leo. Gwaride la Julai ni jema na lidumu. Lakini mzee aliyevuka Mutukula akiwa kijana wa miaka 20 sasa anakaribia 70 au ameshaivuka, na maisha yake hayapiti uwanjani. Yanapita kwenye kibanja chake, kwenye paa linalovuja, kwenye chama cha kuzikana. Wahaya huviita vyama hivyo bujuni. Kila kaya hutoa mchango wake, na msiba ukitokea, jirani huja na ndizi, kuni, maji na mikono ya kazi. Mzee wa vita akifa, bujuni ndiyo hufika mapema zaidi. Tena vyama hivi vilipimwa vikali kuliko wakati mwingine wowote: wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, miaka minne tu baada ya vita, na katika miaka iliyofuata vijiji vilizika bila kupumzika. Vibanja vikabaki mikononi mwa bibi na wajukuu. Migomba ikakosa wa kuipogoa. Wajane wakaanza kusikia maneno ambayo hawakuyatarajia kutoka kwa mashemeji.

Soko la ardhi lilipata mlango hapo.

Mila haikuwa imekataza kuuza kibanja moja kwa moja, ila ilikuwa imeweka vizuizi. Shamba la ukoo halikuuzwa kwa mtu wa nje bila ndugu kuarifiwa, na mwanaukoo aliyeona limeuzwa kinyemela angeweza kulikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Vizuizi hivyo vililinda makaburi, lakini viliwaacha wanawake nje. Sheria za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilimruhusu binti kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, si kuiuza.

Mabishano hayo yaliamuliwa katika kesi maarufu iliyoanzia Muleba, ya Ephraim dhidi ya Pastory. Mwanamke aliyerithi kibanja kwa wosia wa baba yake, akiwa amezeeka na hana wa kumtunza, alikiuza mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akamshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha na kushinda. Mahakama ya wilaya ikatengua, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akahitimisha: Katiba inakataza ubaguzi wa jinsia, kwa hiyo mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Mpwa aliyetaka shamba libaki kwenye ukoo aliachiwa nafasi ya kulikomboa, alipe bei ile ile. Hukumu hiyo husomwa katika vyuo vya sheria hadi leo kwa ajili ya haki za wanawake, na inastahili. Ndani yake mna pia jambo la uzee ambalo halisemwi vya kutosha. Yule mama aliuza kwa sababu hakuwa na wa kumwangalia. Ukoo uliokuwa tayari kwenda mahakamani kwa ajili ya shamba ulipaswa kuwa umeshafika mlangoni kwake kabla ya dalali.

Dalali wa leo ana mlango mpana zaidi. Mjini Bukoba, kuanzia Hamugembe na Kashai hadi Rwamishenye, vyumba vya kupanga vinahitajika na wanafunzi, watumishi na wafanyabiashara, na mwenye nyumba hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Vibanja vilivyo pembeni mwa mji hukatwa vipande na kugeuka viwanja. Migomba huangushwa, vigingi vya zege husimikwa, na bei hupangwa kwa hatua za miguu. Vijijini mambo ni tofauti kidogo: waliohamia Dar es Salaam na Mwanza hujenga nyumba kubwa nyumbani kwao, za vioo na vigae, zinazolala kimya karibu mwaka mzima na kuamka Desemba. Wakati wa Krismasi mabasi hujaa, senene wa Novemba wameshakaangwa na kuhifadhiwa, na mazungumzo ya uani hugusa mambo mawili bila kukosa, ndoa na mipaka. Nyumba hizo zina wakosoaji wao, wanaoziona kuwa fedha iliyozikwa. Hoja hiyo ina upungufu. Anayejenga kijijini anauambia ukoo kwamba atazikwa pale, na kibanja chenye mtu wa namna hiyo hakiuzwi kirahisi.

Kisha kuna maandishi ya ukutani. Kote nchini watu wamezoea kuandika kwa rangi kubwa kwamba nyumba hii haiuzwi, na Kagera maneno hayo yapo pia. Mara nyingi huwa ni ya mjane au mzee anayejikinga na ndugu mwenye haraka au tapeli mwenye karatasi za kughushi.

Maumbile nayo yameingia kwenye bei. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera. Watu walifariki, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba yalianguka au kupasuka, hasa zile za matofali ya udongo yasiyofungwa kwa nondo wala mkanda wa zege. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato zilifungwa ili zijengwe upya. Tangu siku hiyo mnunuzi makini huuliza msingi na mkanda kabla ya kuuliza idadi ya vyumba. Miaka minne baadaye, mwaka 2020, ziwa lilipanda hadi kina ambacho halikuwa limefika kwa miongo mingi, na maji yakaingia kwenye nyumba za ufukweni. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Bado viwanja vyenye upepo mzuri na mandhari ya maji huuzwa kwa watu wasioelezwa hilo, na hasara humwangukia mnunuzi wa mwisho.

Katika msukosuko huu wote, mwenye nafasi dhaifu kuliko wote ni mzee. Mgambo aliyerudi kutoka Uganda mwaka 1979 alikuta kibanja chake kimeota magugu, akakifufua kwa jembe. Wengi wa rika lake hawana hati yoyote. Wana miramura na makaburi. Mashahidi waliomwona akikabidhiwa shamba wameshakufa. Mzee akiugua, na mtoto mmoja aliye mbali akikubaliana na dalali kwa simu, kinachobaki ni neno lake dhidi ya karatasi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeweka dawa yake. Inaruhusu halmashauri ya kijiji kutoa hati ya hakimiliki ya kimila, inawaruhusu mume na mke kuandikwa pamoja, na inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki yake halali ya ardhi. Hati hiyo ina nguvu sawa na hati nyingine ya ardhi. Haihitaji mtu kuuacha ukoo wake wala kuhamisha kaburi hata moja. Makaburi yanabaki yalipo na jina la mwenye kibanja linaandikwa.

Mwaka 1978 vita vililipuka kwa sababu mtu mmoja alidai kwamba nyumba na migomba ya watu kaskazini ya mto Kagera ni yake. Waliolala Kaboya walikufa ili wenye vibanja warudi. Ni aibu kubwa kumwona mzee aliyepigana upande wao akinyang'anywa kibanja na mtu mwenye kalamu. Kila serikali ya kijiji katika Kagera inawajua wapiganaji wake waliobaki. Wengi wao wanafahamika kwa majina na kwa nyumba. Kazi ya kuwapimia mipaka na kuwapa hati, wao na wajane wao, inaweza kufanyika bila kungoja agizo kutoka Dodoma. Na wewe msomaji unayerudi nyumbani Desemba hii, keti na mzee wako, tembeeni mpakani pamoja na majirani, andikeni mlichokiona, kisha mfuateni mwenyekiti wa kijiji mkaombe hati kwa jina lake yeye mwenyewe, angali hai.