Nguvu ya mkono kwa akina mama wa miaka 50 na zaidi



Pale bombani akina mama wa makamo huulizana: "Mbona siku hizi dumu linaniponyoka? Ni uzee au ni ugonjwa?" Vijana wengine huwacheka, jambo ambalo si zuri.

Nguvu ya kubana hupimwa kwa chombo chenye mshikio. Mtu huketi, anakunja kiwiko na kubana kwa nguvu zake zote mara kadhaa. Namba iliyo kubwa ndiyo huandikwa, kwa kilo. Vipimo vya Uingereza vilivyotolewa mwaka 2014 vilionyesha kuwa mwanamke wa kawaida hufikia kilo 31 akiwa na miaka kati ya 26 na 42. Akifika 60 hubaki na kama kilo 27. Katika nchi nyingi maskini wastani uko chini ya hapo. Kwa madaktari wa Ulaya, mwanamke aliye chini ya kilo 16 ndiye anayehesabiwa kuwa dhaifu.

Sasa tazameni dumu la lita 20. Likijaa linapita kilo 20. Chombo kile hubanwa sekunde chache tu, lakini dumu hushikwa mpaka nyumbani. Hata anayebeba kichwani huanza kwa kulinyanyua. Kwa hiyo mama huyo si mgonjwa wala si mvivu. Mzigo ndio mkubwa kwake. Achukue madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, na azungushie kitambaa kwenye mshikio mwembamba unaokata vidole. Mama yangu alikataa dumu dogo, akisema ni la watoto, mpaka mkeka wetu ulipolowa mara mbili.

Mazoezi pia husaidia: kubana mpira wa matambara mara kumi, kupumzika, kisha kurudia. Na maharage ya mgao asiwaachie watoto yote, maana misuli hujengwa kwa chakula cha namna hiyo.

Lakini kama gumba na vidole viwili vinavyofuata vinakufa ganzi usiku, au viungo vimevimba, aende zahanati. Na mkono mmoja ukilegea ghafla, hasa mdomo ukienda upande au maneno yakikwama, huenda ni kiharusi. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.