Bunduki ya Babu Isisuguliwe Kabla ya Kusomwa

Katika kuhama kwetu, hasa baada ya 1964, hati nyingi za familia zilipotea. Bunduki kongwe ya uwindaji iliyobaki mikononi mwa ukoo huweza kuziba sehemu ya pengo hilo, kwani mtutu wake una chapa ndogo, aghalabu upande wa chini unaofichwa na mti wa kitako.

Katika miji ya mafundi wa bunduki Ulaya, mtutu ulijaribiwa kwa baruti kali, kisha ukapigwa chapa. Liège, Ubelgiji, walipiga herufi ELG ndani ya umbo la yai. Tangu 1893 wakaongeza taji juu yake. Wajerumani walipiga taji juu ya U, na juu ya G kwa mtutu wenye mifereji ndani. Birmingham, tangu 1904, taji juu ya NP ni ushahidi wa kujaribiwa kwa baruti isiyotoa moshi.

Chapa hizi hupima masimulizi. Tuseme wazee wanasema bunduki ilikwenda Manyema na msafara wa Tippu Tip. Yeye alirejea Unguja 1891. Ikiwa chapa ya Liège ina taji, basi bunduki ni ya baadaye, au ilirudishwa kujaribiwa upya. Simulizi halitupwi, linaulizwa tena.

Umbo nalo husema. Mannlicher-Schönauer ya 1903, kutoka Steyr, Austria, ina mshikio wa komeo ulio bapa, na ndani yake kigurudumu kinachozungusha risasi tano. Fupi zake zina mti unaofika hadi mdomo wa mtutu.

Msasa ukipita juu ya chapa, ushahidi umekwisha na haurudi. Kwa hiyo fundi ahakikishe kwanza kuwa haina risasi, na mwenyewe aulize sheria za nchi anayoishi. Kisha ipigwe picha kila upande. Kutu ilainishwe kwa mafuta mepesi na kupanguswa kwa kitambaa, taratibu, kwa siku kadhaa. Skrubu zifunguliwe kwa bisibisi inayoenea barabara. Mti usipigwe vanishi mpya; herufi alizochonga babu kwenye kitako nazo ni hati. Wala isifyatuliwe kwa risasi za leo.

Mwisho, andikeni simulizi la wazee na kuliweka pamoja na picha, wakiwa bado hai wa kuulizwa.