Selimundu: Punje Moja Inapobadilika

Mtoto mwenye selimundu akishikwa na maumivu ya mifupa, wapo wanaosema karogwa, na wapo wanaomlaumu mama yake. Leo tuangalie ndani ya damu tuone chanzo hasa.

Wekundu wa damu hutokana na himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Protini ni mfano wa tasbihi: punje zake huitwa asidi amino, nazo zimetungwa kwa mpangilio maalumu. Uzi huo hujikunja ukapata umbo, na umbo ndilo linaloamua kazi yake.

Himoglobini ina nyuzi 4: alfa 2 na beta 2. Kila uzi wa beta una punje 146. Kwa mgonjwa wa selimundu, punje ya 6 imebadilika: mahali pa glutamiki, inayopatana na maji, pamekaa valini, inayoyakimbia.

Punje moja inaleta vipi madhara yote haya? Max Perutz alianza kulitafuta umbo la himoglobini kwa eksirei mwaka 1937, akalipata 1959. Leo wataalamu huligeuzageuza umbo hilo ndani ya kompyuta. Huonekana kuwa himoglobini ikishatoa oksijeni, ile valini hujichomeka katika kishimo cha himoglobini ya jirani. Zikishikamana nyingi hufanya nyuzi ngumu, chembe ikapinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu huanza.

Mwaka 2020 programu ya AlphaFold ilionyesha uwezo mkubwa wa kukisia umbo la protini kutokana na mpangilio wa punje tu. Kufikia 2022 hazina yake ilikuwa na maumbo zaidi ya milioni 200, jambo linalowasaidia watafiti wa dawa na chanjo. Lakini hayo ni makisio. Hayachukui nafasi ya kipimo cha damu.

Basi wachumba wapime damu kabla ya ndoa. Kila mzazi akiwa na kinasaba kimoja cha selimundu, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuugua. Mtoto hurithi kwa baba na mama, hivyo mama asibebeshwe lawama peke yake.

Mwenye ugonjwa anywe maji ya kutosha, alale ndani ya chandarua, ahudhurie kliniki. Akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.